Huyu ni wa wapi? Jinsi ya kutumia historia ya mwandishi ukinunua kitabu

Wale mnaonunua vitabu hapa Kisumu, iwe ni kwa maduka makubwa ya mjini ama zile za inama zinazotandikwa kando ya barabara, mnaijua hii tabia manake sote tunayo. Mtu anaokota kitabu, anasoma jina, anakigeuza nyuma atafute picha na yale maneno machache ya kuhusu mwandishi, halafu ndo anauliza bei. Wengine hawafungui hata ukurasa mmoja. Na ukiwa muuzaji ushazoea maswali yanayofuata: huyu ni wetu? huyu ni mzungu? huyu si ni yule alikuwa anasoma habari kwa tivii?

Mimi nauza vitabu vya mtumba na vipya vichache, na wakiniuliza kama historia ya mwandishi inabadilisha kile watu wananunua jibu langu ni ndio, sana, kuliko vile wengi wanakubali. Wala sioni shida na hiyo. Shida ni kuitumia mahali haifai, halafu pale inafaa kabisa unaiacha. Kuna vitabu ukinunua bila kujua aliyeandika umejiweka kwa hatari, na kuna vingine ukimjua mwandishi mapema sana unaishia kusoma jina badala ya kusoma kitabu. Kutofautisha hizo mbili ndo kazi, na unaweza kuifanya hapo hapo ukiwa umesimama, kabla hujatoa pesa.

Anza na kile kitabu kinadai

Usianze na nani. Anza na nini. Kitabu kikikuambia "haya yalinipata mimi", ama "kula hivi utapona", ama "hivi ndivyo nilivyotajirika", basi mwandishi ndo shahidi wako na huna mwingine, lazima umjue. Kikikuambia tu palikuwa na msichana fulani akaondoka kwao akaenda mjini, hiyo ni hadithi, wacha ijisimamie yenyewe.

Kuna kisa cha Marekani kinachoonyesha hii kitu vizuri. James Frey alitoa A Million Little Pieces mwaka wa 2003 akisema ni maisha yake mwenyewe, ulevi, dawa za kulevya, jela. 2005 Oprah Winfrey akakichagua kwa kipindi chake na nakala zikauzwa kwa mamilioni. Januari 2006 tovuti moja ya uchunguzi ikachimbua rekodi za polisi ikapata jamaa ametia chumvi nyingi, pale alisema alikaa ndani karibu miezi mitatu kumbe ni masaa tu, na mchapishaji akakubali kurudishia pesa wasomaji waliotaka kurudishiwa. Sasa fikiria, hakuna neno hata moja lililobadilika ndani ya kile kitabu, ni kilekile. Lakini watu walikuwa na haki ya kukasirika manake walikuwa wamenunua ushuhuda, hawakununua riwaya.

Kuna kingine kinaniuma zaidi. The Education of Little Tree kilitoka 1976 kama kumbukumbu za yatima wa damu ya Cherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, aliyelelewa na babu na nyanya yake milimani, kitabu cha upole kabisa, cha kufundisha watoto kuheshimu msitu na kuheshimu watu. Aliyejiita Forrest Carter kumbe ni Asa Carter, mtu aliyekuwa kwa Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, na aliyemwandikia gavana George Wallace hotuba za kutetea ubaguzi. Kikaja kuchapishwa tena, kikauza sana, na 1991 ukweli ulipoenea kikaondolewa kwa orodha ya vitabu vya matukio ya kweli kikapelekwa kwa riwaya. Ukikisoma sai kama hadithi tu, ni shauri yako. Lakini kama ulikinunua ndo ujifunze maisha ya Wacherokee kutoka kwa Mcherokee, ulidanganywa, na hakuna utamu wa lugha utakaofuta hiyo.

Upande wa pili wa hiyo ni John Kiriamiti wetu. My Life in Crime ilitoka 1984, aliiandika akiwa gerezani, na ni ya maisha yake ya wizi. Hadi leo hakikai sana kwa meza, vijana wanakiulizia kwa jina bila kukosea. Wananunua maisha ya yule mtu, na wana haki, manake ile namna ya kueleza vile genge linapanga kazi na vile mtu analala na hofu usiku haiwezi kutoka kwa mtu aliyekaa ofisini akabuni. Hapa historia ya mwandishi inabeba kitabu, na ni sawa iwe hivyo.

Kwa hivyo vitabu vya maisha, vya historia, vya afya, vya biashara, hapo chunguza mtu bila aibu. Vya afya ndo usiregee kabisa. Jina likianza na Dkt. uliza ni daktari wa nini, manake kuna mwenye shahada ya uzamifu ya theolojia anayekuandikia vile utaacha dawa za kisukari, na kwa kava imeandikwa Dkt. kwa herufi kubwa na hakuna mahali amedanganya, ni wewe umejaza mwenyewe. Kama anasema ni daktari wa kutibu, Baraza la Madaktari, KMPDC, lina rejista kwa intaneti, unatafuta jina na unaona kama amesajiliwa. Vya biashara nako angalia kama huyo mtu aliwahi kufanya hiyo biashara ama biashara yake ni kuuza hicho kitabu na semina. Anafundisha kuku, basi mahali fulani kwa kitabu kuwe na kuku wake waliokufa na sababu waliyokufa nayo. Mfugaji wa kweli hawezi kuandika kurasa mia mbili bila kutaja hasara.

Na hivi vya motivesheni vyenye picha ya mwandishi kava nzima akiwa na suti, soma sura moja ya katikati. Ukiondoa cheo chake na kanisa lake, kumebaki nini? Kama kumebaki kitu, nunua.

Riwaya: funika jina kwanza

Ukishajua ulicho nacho mkononi ni riwaya ama hadithi fupi, geuza utaratibu wote. Weka kidole gumba juu ya jina, usiguse upande wa nyuma, fungua ukurasa wa kwanza usome wote. Halafu ruka hadi katikati, penye watu wanaongea, soma ukurasa mwingine. Nasema katikati kwa sababu mwanzo wa kitabu huwa umepigwa pasi sana, kila mwandishi anajua ndo penye utaangalia, lakini katikati ndo unajua kama mtu ana pumzi. Ukimaliza jiulize kitu kimoja tu, unataka kujua kinachofuata ama hutaki. Ni vile unafanya ukienda kununua samaki pale ufuo wa Dunga, unafungua shavu uone kama bado ni jekundu kabla ya kuuliza mashua ni ya nani.

Sasa kabla hujatoa kidole, kisia. Ni mwanamume ama mwanamke? Wa huku ama wa mbali? Wa umri gani? Halafu toa kidole uangalie. Hii sehemu ya kukisia usiiruke hata kama unaona ni mchezo, manake hapo ndo unajijua wewe mwenyewe uko na mizigo gani kichwani. Ukigundua kitabu kilikushika halafu jina likakufanya utake kukirudisha, simama hapo ujiulize ni nini hasa kimebadilika.

Kama unadhani jina halina nguvu hivyo, kuna kisa cha The Cuckoo's Calling. Kilitoka Uingereza Aprili 2013, riwaya ya upelelezi, mwandishi Robert Galbraith, mtu hakuna anayemjua. Wakosoaji walikisema vizuri, lakini kwa miezi ya kwanza kiliuza kama nakala 1,500 tu za jalada gumu. Julai gazeti likafichua kwamba Galbraith ni J.K. Rowling, na kikaruka hadi juu kabisa ya orodha ya mauzo. Kurasa ni zilezile, upelelezi ni uleule. Na huyohuyo Rowling, kitabu chake cha kwanza cha Harry Potter kilipokuwa kinatoka 1997, mchapishaji alimshauri atumie herufi badala ya Joanne kwa sababu waliogopa wavulana hawatataka kusoma kitabu cha mwanamke. Kwa hivyo hata wachapishaji wanajua msomaji anaangalia nini, na wanapanga kava kulingana na hayo.

Sasa nije kwa mfano ninaoupenda, na ni wa hapa kwetu kabisa. Mpe mtu wa Kisumu Coming to Birth bila kava. Paulina, msichana wa miaka 16 anashuka kwa gari la moshi Nairobi mwaka wa 1956, wakati wa hali ya hatari, anamfuata mume wake Martin, mjamzito, hajui njia, anapotea mjini. Baadaye anarudi huku, na kitabu kinafika hadi Kisumu ya Oktoba 1969, ile siku ya kufungua hospitali tunayoiita Russia hadi leo, risasi zikapigwa na watu wakafa. Msomaji wa huku atakuambia bila kusita aliyeandika ni mama wa Kijaluo, tena wa umri, tena aliyekuwa hapo. Mwandishi ni Marjorie Oludhe Macgoye. Alizaliwa Southampton, Uingereza, 1928, akaja Kenya 1954 kufanya kazi ya kuuza vitabu kwa kanisa, 1960 akaolewa na Daniel Oludhe Macgoye, akakaa na akazeekea hapa hadi alipofariki 2015.

Kwa hivyo ukiuliza "ni mzungu?" jibu ni ndio, na ukiuliza "ni wetu?" jibu pia ni ndio, na ukikirudisha kwa sababu ya lile jibu la kwanza umejinyima moja ya riwaya zilizoandika huu mji vizuri zaidi. Lakini angalia pia kwamba historia yake si bure. Mahali alizaliwa hapakuambii kitu. Ile miaka yote aliyokaa kwa familia ya mumewe, akisikiza wanawake wakiongea, akilea watoto hapa, hiyo ndo iliandika Paulina. Ukisoma maneno ya nyuma ya kitabu tafuta hiyo, mtu ameishi wapi, kwa muda gani, na alikuwa anafanya nini huko. Alizaliwa wapi ni swali dogo sana.

Barbara Kimenye ni hivyohivyo. Wale tulikua na vitabu vyake vya watoto vya Moses, ile shule ya bweni ya Mukibi na vituko vyake, wengi hawakuwahi kujiuliza, ilikuwa tu ni shule ya huku kama shule zetu. Kimenye alizaliwa Uingereza 1929, akaja kuishi Uganda na baadaye Kenya, akafanya kazi ya gazeti. Hakuna mtoto aliyerudisha Moses.

Na Ken Walibora. Siku Njema ya 1996 imeanzia Tanga, kwa Zainabu Makame mwimbaji wa taarabu na mwanawe Kongowea Mswahili, na ikiwa ulifanya ukisio utasema huyu ni mtu wa pwani, alizaliwa akisikia mawimbi. Walibora ni mtu wa huku magharibi, wa Bungoma na Trans Nzoia. Wako watu walioamini Kiswahili kitamu lazima kitoke Mombasa ama Unguja, na bado wapo, nakutana nao, wanapitisha vidole juu ya majina ya bara wakitafuta jina la Kiislamu ndo waamini riwaya ni nzuri. Walibora peke yake anatosha kuwajibu.

Lile swali la "wetu"

Hapa nitakaa kidogo manake ndo penye moyo wangu uko.

Kwa Kenya jina la mwisho linasema mengi kabla mtu hajafungua mdomo. Ukiona Achieng' ama Wekesa ama Wanjiku ama Chebet ushamweka mahali, na ushaweka pia kura yake na mambo yake yote, kabla ya ukurasa wa kwanza. Sitakuambia uache kutafuta watu wa kwenu. Ningekuwa nadanganya, kwa sababu mimi mwenyewe najua raha ya kukuta kwa riwaya njia unayopitia na chakula unachokula na namna mama yako anavyogomba. Hiyo si ukabila, hiyo ni mtu kujiona kwamba naye anaandikika, na kwa miaka mingi huku tulisoma vitabu ambavyo hata mvua yake haikuwa mvua yetu.

Kwa hivyo anza nyumbani, lakini jua unatafuta nini. Tafuta kitu ambacho huyo mwandishi anakijua kwa sababu ya maisha yake na mwingine hangekijua. Margaret Ogola alizaliwa 1958, mtu wa Asembo, na alikuwa daktari wa watoto, alisimamia kituo cha watoto yatima wenye virusi vya ukimwi. The River and the Source cha 1994, kile kilichukua tuzo ya Jomo Kenyatta na kikasomwa na karibu nchi nzima kama kitabu cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kinaanza na Akoko kijijini na kinashuka kizazi hadi kizazi mpaka ukimwi unaingia kwa familia. Ukishajua kazi aliyokuwa anafanya mchana unaelewa kwa nini huo ugonjwa hajauandika kama fununu. Grace Ogot naye alikuwa nesi. The Promised Land cha 1966 kina Ochola na Nyapol wanaohama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, halafu Ochola anapata ugonjwa wa ngozi wa ajabu, na mvutano wa hospitali na waganga umeandikwa na mtu aliyesimama kando ya vitanda. Hiyo ndo historia ya mwandishi inayofaa kukushawishi. Kwamba wote wawili ni Wajaluo ni kweli, lakini unesi na udaktari wao unaeleza mengi zaidi kuhusu hizo kurasa.

Ukikuta Asenath Bole Odaga kwa inama usimpite. Aliandika kwa Kiingereza na Dholuo, na alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers, hapa hapa Kisumu. Vitabu vya Dholuo havichapishwi vingi, vikiisha vimeisha.

Halafu kuna mtego. Mtu ananunua jina la kwao akitarajia atapata kwao ndani. Francis Imbuga ni mtu wa Maragoli, lakini Betrayal in the City cha 1976 kiko Kafira, nchi ya kubuni, na kinahusu utawala wa mkono wa chuma popote Afrika. Yvonne Adhiambo Owuor, jina la huku kabisa, The Dragonfly Sea cha 2019 kinaanzia kisiwa cha Pate na kinaenda hadi China. Ukinunua hivi vitabu kwa jina utalalamika umeuziwa kitu tofauti, na mwandishi hana kosa, hakuna mahali aliapa ataandika boma lenu milele.

Na mtego mkubwa zaidi ni ule wa kukataa. Nakuru, Naivasha, Kisumu, sote tunakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008, na kuna wasomaji ambao tangu wakati huo kuna majina hawataki kuona kwa rafu yao. Sitawaambia maumivu yao ni madogo. Ninachowaomba ni kitabu kimoja, kutoka kwa nyumba ya watu unaowaogopa ama uliofundishwa kuwaogopa, na kiwe riwaya, isiwe siasa. A Grain of Wheat cha Ngũgĩ wa Thiong'o kilitoka 1967, kiko kwa kijiji cha Wakikuyu siku za kuelekea uhuru, na kama unadhani ni kitabu cha kusifu watu wa kwao hujakifungua. Kila mtu pale ana siri, kuna msaliti ambaye kijiji kinamwona shujaa, na mwandishi anawauliza watu wake maswali ambayo wewe ungeogopa kuwauliza. Mimi hupendekeza hivi kwa grupu yoyote ya kusoma, Kakamega, Nakuru, popote: kitabu kimoja cha nyumbani, kinachofuata cha mbali na nyumbani, mnapokezana hivyo mwaka mzima. Mtazozana sana na ndo vizuri.

Mwandishi akikuudhi

Inatokea unapenda kitabu halafu unasikia kitu kuhusu mwandishi. Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru 1971, na One Day I Will Write About This Place cha 2011 kina Nakuru ya utoto wake, saluni ya mama yake, baba akifanya kazi ya pareto, mtoto anayepotelea kwa maneno. Januari 2014 akasema wazi kwamba anapenda wanaume wenzake, na kuna watu waliokuwa wanakisifu hicho kitabu wakaacha kukitaja. Maoni yangu nayasema waziwazi: Nakuru iliyo ndani ya kile kitabu ni ileile uliyoipenda 2011, na aliyeiona vizuri hivyo ni yeye, huwezi kubaki na macho yake ukamkataa mwenyewe. Kisome.

Lakini kuna waandishi wamefanya mabaya ya kweli, wameumiza watu, na hutaki pesa yako iwafikie. Hapo jua pesa inavyotembea. Ukinunua kipya, mwandishi anapata asilimia yake ndogo. Ukinunua cha mtumba hapati kitu, ile pesa inabaki kwa muuzaji. Ukikopa maktaba, Kisumu, Nakuru na Kakamega zote zina maktaba ya umma, unasoma na unaamua ukiwa umejua. Kopi ya wizi iliyopigwa fotokopi si njia ya kumwadhibu mtu, inaua hata wale wazuri. Na hiyo hesabu igeuze pia: mwandishi wa huku aliye hai, unayempenda, mnunulie kipya hata kama inabidi ungoje mwisho wa mwezi.

Mahali pa kuangalia haraka

Ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule wenye maandishi madogo, unakuambia zaidi ya picha. Angalia mwaka wa kwanza wa kuchapishwa, si mwaka wa hiyo nakala, manake kitabu cha 1967 kilichopigwa chapa juzi bado ni macho ya 1967. Angalia mchapishaji. Angalia kama kimetafsiriwa na nani ametafsiri, kwa sababu lugha utakayosoma ni yake.

Majina hubadilika. Ukikuta nakala kuukuu ya Weep Not, Child imeandikwa James Ngugi, ni Ngũgĩ wa Thiong'o yuleyule, alitumia hilo jina kwa vitabu vyake vya kwanza kabla ya kuliacha. Usikiache ukidhani ni mtu mwingine.

Stika ya tuzo ichukulie polepole. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar 1948, alipopewa Nobel 2021 kila mtu akaanza kumtafuta na vitabu vikakosekana, na watu wakaanza kubishana ni Mtanzania ama ni Mwingereza. Paradise kilikuwa kimetoka 1994, kilikuwa kinangoja tu. Sasa kiko kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na kama ulikuwa unamwogopa kwa Kiingereza huna sababu tena.

Watoto wachagulie tofauti kidogo. Mtoto wa darasa la tatu hajali mwandishi ni nani, anajali kama kuna mtoto anayefanana naye. Mpe vya watoto wa huku kwanza, akishashika raha ya kusoma ataenda popote mwenyewe.

Na kama wewe ndo umeandika

Walimu wengi huku wanajichapishia siku hizi, na wananiletea nakala niwauzie, nageuza nyuma nakuta mistari mingi ya shahada na vyeo na kanisa. Mnunuzi anasoma hayo kwa sekunde chache tu. Andika ulikolelewa, andika kazi ama maisha yanayogusa hicho kitabu hasa, kama uliendesha boda miaka na riwaya ni ya boda sema hivyo kwanza. Usijibandikie jina la kigeni ukidhani litauza, na usifiche jina lako kwa kuogopa kabila litasomwa, litasomwa tu. Picha iwe ya sai. Na chini kabisa weka namba ama duka ambapo mtu wa Bungoma ama wa Njoro anaweza kukipata, manake kuna wanaomaliza kusoma na wanataka kununulia mtu mwingine na hawajui waanzie wapi.